Mahali pa Kuzeekea

Mjukuu wangu, anayesoma kidato cha tatu, alikuja likizo ya Desemba na simu yenye kioo kikubwa. Jioni moja tulikuwa jikoni tunaota moto, maana hapa Tumati jioni huwa na baridi hata miezi ambayo wenzetu wa pwani wanalala na madirisha wazi. Akanionyesha picha za nyumba za wazee huko Uswisi. Nyumba nyeupe, ziwa, milima yenye theluji, na bibi mmoja ameketi kwenye kiti cha magurudumu akisukumwa na msichana aliyevaa aproni. "Babu," akaniuliza, "wewe ungeweza kukaa mahali kama hapa?" Nikamjibu kwamba milima ninayo. Atoke nje alfajiri kabla ukungu haujapanda, autazame Hanang upande wa kusini, mita zipatazo 3,420, kisha aniambie hao Waswisi wana nini ambacho mimi sina. Akacheka. Lakini swali lake halikuwa la picha tu, nami nilijua lilikotoka. Baba yake na shangazi zake walikuwa wakilijadili tangu mwezi wa Agosti nilipoteleza njiani kwenda kisimani nikalala pale chini saa nzima, nao walikuwa wamenipa muda hadi mavuno niseme nitakwenda kukaa wapi.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka 40, tangu 1969 hadi 2009, na katika hiyo miaka 28 nilikuwa mwalimu mkuu. Mwalimu wa zamani akiulizwa swali asiloweza kulijibu papo hapo, husema, "Tutalitazama kesho," kisha usiku hutafuta waliotangulia walilijibuje. Ndivyo nilivyofanya. Nimelitafuta jibu kwa babu yangu, kwa mkuu wa Skauti wa dunia, kwa manamba wa Muheza na kwa jirani yangu mmoja ambaye sitamsahau. Ndugu msomaji aliye na umri kama wangu labda naye ameulizwa swali hili na wanawe. Kama bado, ajiandae.

Naanza na babu. Babu yangu mzaa baba alitoka Kainam, katika ile nchi ya asili ya Wairaqw ambayo sisi wenyewe tunaiita Irqwa Da'aw, akaja huku wakati wa Waingereza. Kainam ni mahali pazuri kwelikweli, vilima vya kijani na mabonde yenye chemchemi, lakini watu walikuwa wamebanana pale kwa vizazi kwa kuwaogopa Wamaasai. Miaka ya 1890 sotoka iliwamaliza ng'ombe wa Wamaasai, nguvu zao zikapungua, na pole kwa pole watu wetu wakaanza kuenea, wengine kaskazini kuelekea Karatu, wengine kusini kuelekea Dongobesh na huku kwetu. Babu alipochagua kilima hiki, kwa jinsi alivyomsimulia baba, aliuliza mambo matatu. Maji yako wapi? Ng'ombe watakula nini? Na jirani wa karibu ni nani? Uzuri wa mlima Hanang haukutajwa. Mlima ulikuwapo kama mawingu yalivyokuwapo, wa kutazamwa ili kujua kama mvua inakuja.

Nyumbani kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, pamoja na wazazi wenyewe. Hakuna aliyeuita mpango huo kwa jina lolote. Wakubwa waliondoka wakaanzisha miji yao, mdogo akabaki akarithi nyumba, na kodi ya urithi huo ilikuwa kuamka usiku baba akikohoa. Baba yangu alikuwa mtoto wa mwisho. Nimeona kwa macho yangu akimnywesha babu uji kwa kibuyu, na mama akimwogesha bibi nyuma ya nyumba huku wakicheka mambo yao. Kazi ile ilikuwa nzito. Naona watu wanaisimulia siku hizi kana kwamba wazee wetu walikuwa wepesi kama manyoya.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa mashambani awe anaishi kijijini. Sisi tulihama mwaka 1975. Babu alikuwa amekwisha kufa, bali bibi alikuwa hai, kipofu, na alibebwa kwa machela ya miti na blanketi kutoka kilimani hadi kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba kando ya barabara. Kila jioni aliuliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Alifariki kabla paa la nyumba mpya halijamalizika. Mimi wakati huo nilikuwa mbali kikazi, nikaja likizo nikakuta matanga, na kwa miaka mingi nilikuwa na uchungu na jambo lile. Lakini historia lazima isemwe yote. Baba aliniambia kwamba usiku bibi alipozidiwa, watu 12 walifika kabla ya jogoo la kwanza. Kule kilimani wangefika watatu. Baadaye amri zilipolegea baba alirudi kilimani, na ndiko nilikojenga nami nilipostaafu, kwa sababu ya mandhari. Nakiri. Mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuchagua mahali pa kukaa kwa sababu ya mandhari, na elimu ndiyo iliyonifundisha neno hilo.

Huyo mkuu wa Skauti nilimjua nikiwa shule ya kati. Tulifundishwa habari zake pamoja na alama za njiani, na moja ya alama hizo ni duara lenye nukta katikati, maana yake "nimekwenda nyumbani". Baden-Powell alikuwa jenerali wa Kiingereza, alipigana vita vyao katika Afrika, nami simtaji hapa ili kumsifu. Namtaji kwa sababu yeye ni mfano mkubwa ninaoujua, katika Afrika ya Mashariki hii, wa mtu aliyechagua kwa hiari yake mahali penye mandhari nzuri ili azeekee hapo. Aliitembelea Nyeri mwaka 1935 akaipenda. Mwaka 1938, akiwa na miaka 81 na moyo umechoka, alihamia huko na mkewe Olave. Hakujenga shamba wala kasri. Alijengewa nyumba ndogo katika bustani ya hoteli ya Outspan, inayotazamana na Mlima Kenya, akaiita Paxtu, yaani Pax ya pili, kwa kuwa nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wake.

Hebu tuutazame mpango huo kama mwalimu anavyotazama hesabu. Nyumba ni yako, mlango ni wako, ukitaka kuwa peke yako unaufunga. Lakini hatua chache kutoka hapo kuna jiko kubwa linalowaka moto mchana kutwa, kuna watu wa kufua na kubeba maji, na mwenyeji ni rafiki wa zamani ambaye ataona kama hukutoka asubuhi. Mzee yule alichora picha za wanyama na ndege, akaandika, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Nyuma yake alikuja Jim Corbett, yule mwindaji wa chui wa India. Aliondoka India mwaka 1947 nchi hiyo ilipopata uhuru, akaishi na dada yake katika nyumba ileile ya Paxtu hadi alipofariki mwaka 1955. Wazee wawili maarufu, nyumba moja ndogo. Hapana shaka mlima ulikuwa mzuri. Lakini mimi naamini jiko lile la jirani ndilo lililoitunza miaka yao ya mwisho.

Vijitabu vya Skauti tulivyosomeshwa havikusema lolote juu ya waliobeba maji. Walikuwa Wakikuyu wa Nyeri, na si ajabu baadhi yao walikuwa na baba na mama zao vijijini wanaohitaji maji hayohayo. Mwaka 1952 nchi ile iliwaka moto wa Mau Mau, na mzizi wake mmoja mkubwa ulikuwa ardhi. Mandhari ya mtu mmoja ni shamba alilonyang'anywa mwingine.

Juu ya kaburi la Baden-Powell huko Nyeri imechongwa ile alama ya duara na nukta. Mkewe Olave alirudi Uingereza, akaishi muda mrefu, akafariki Juni 1977 akiwa na miaka 88 katika nyumba ya kutunzia wazee inayoitwa Birtley House, katika jimbo la Surrey. Kisha majivu yake yakasafirishwa hadi Nyeri yakazikwa pamoja na mumewe. Nikifikiri juu ya mama yule naona kwamba aligawa mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Mahali pa kutunzwa palikuwa Surrey. Mahali pa kulala milele palikuwa Nyeri. Wanangu wanaponiambia, "Baba, ukija Dar es Salaam na likitokea la kutokea tutakurudisha nyumbani," wanasema hilohilo, ingawa hawajawahi kusikia habari za Olave.

Sasa nije kwa manamba. Nilimaliza chuo cha ualimu kule Singida nikiwa mwalimu wa Daraja la C, umri wangu miaka 20, nikapangiwa kazi Muheza, Tanga. Kwa kijana wa Mbulu lile joto lilikuwa adhabu. Shule ilikuwa karibu na mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa mkonge wapata tani 230,000, hakuna nchi iliyotushinda duniani, lakini nilipofika bei ilikuwa imekwisha kuanguka na kambi za manamba zilikuwa zinapukutika. Walibaki wazee. Walikuja wakiwa vijana kutoka Kigoma, kutoka Burundi, kutoka Msumbiji, kila mmoja na namba yake ya kazi, ndiyo maana ya jina lile, na wengi walikusudia kurudi kwao baada ya mikataba miwili. Mwaka ukazaa mwaka. Mmoja wao alikuwa anakuja shuleni Jumamosi nimwandikie barua kwa ndugu zake. Niliandika barua sita. Haikujibiwa hata moja. Alipokuja mara ya saba aliniomba nimsomee zile za zamani kana kwamba ndizo majibu.

Watu wa namna hiyo ndio waliojaza makazi ya wazee ya serikali. Nayataja kwa sababu watu wengi wanadhani makazi ya wazee ni jambo geni lililokuja na televisheni. Yapo siku nyingi: Nunge huko Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Njoro karibu na Moshi, Kolandoto Shinyanga, Misufini hukohuko Muheza, na hapa mkoani kwetu, tangu Manyara ilipotengwa na Arusha mwaka 2002, tunahesabu yale ya Magugu wilayani Babati. Baadhi yalianza kama vijiji vya wagonjwa wa ukoma. Hayakukusudiwa kuwa mahali pa mtu kuchagua. Yalikuwa ya yule asiyekuwa na mtu, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema wazi kwamba msingi wa matunzo ni familia, na makazi ni njia ya mwisho.

Nilikwenda Magugu mara moja na akina mama wa kanisa, tulipeleka sabuni, mchele na mablanketi. Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika. Nikawakuta wazee wawili wanacheza bao chini ya mti, wanabishana kwa sauti kama vijana, mmoja anamwita mwenzake mwizi wa kete. Mmoja wao aliponiona nimesimama na fimbo yangu aliniuliza, "Mwalimu, umekuja kuleta au umekuja kukaa?" Tukacheka wote. Njiani kurudi sikucheka. Swali lile lilikuwa la haki.

Mwalimu Nyerere katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 aliandika kwamba katika jamii ya zamani kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba hata mzee aliyeonekana anastarehe alikuwa amefanya kazi kwa bidii siku zote za ujana wake. Nilikifundisha kijitabu hicho kwa imani kamili. Leo nikikisoma naona kimenyamaza mahali pamoja. Hakikusema itakuwaje watoto wakiondoka. Na waliowaondoa ni sisi walimu.

Hapa ndipo ninapofika kwa jirani yangu. Nilimwita Baba Mdogo kwa heshima, ingawa hatukuwa wa ukoo mmoja. Mwaka 1988 mwanawe wa mwisho alifaulu darasa la saba akachaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Ndugu msomaji kijana huenda hujui maana yake. Shule za sekondari za kata zilikuwa bado hazijaota kila mahali. Katika darasa langu la watoto 47 mwaka ule walichaguliwa wawili, na shule nzima ilipiga ngoma. Jumatatu yake Baba Mdogo alikuja ofisini amejifunga shuka lake, fimbo mkononi, akakataa kiti.

"Mwalimu," akasema, "wakubwa wote wamekwenda. Huyu ndiye moto wangu wa jikoni. Niachie huyu."

Nilimpa hotuba. Nakumbuka nilisimama. Nilimweleza habari za taifa, za adui ujinga, za mtoto kuwa mali ya nchi nzima. Nilimwambia kwamba mtoto mwenye elimu atamtunza vizuri kuliko mtoto mwenye jembe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe unasoma vitabu, labda unaona mbali," akatoka. Kijana akaenda. Alifanya vizuri, akapata kazi nzuri Mwanza, na wala hakuwa mtoto mbaya: alituma fedha kila mwezi, kwanza kwa hundi ya posta, na huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 akamnunulia baba yake simu akawa anatuma humo. Alimjengea nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji. Kila mtu alimsifu. Nami nilijisifu kimoyomoyo.

Mama wa nyumba ile akafariki. Julai 2016, katika baridi kali, Baba Mdogo alifariki peke yake usiku. Aligunduliwa siku ya pili na binti aliyekuwa anampelekea maziwa. Moto ulikuwa umezimika na kuni zilikuwa nje, hatua kumi kutoka mlangoni. Katika simu yake mlikuwa na shilingi 180,000 ambazo hazijaguswa.

Sijasema kwamba kijana yule angebaki na jembe. Nchi isingekwenda hivyo, na mimi mwenyewe wanangu wote nimewasomesha kwa nguvu hadi wa mwisho. Nasema tu kwamba siku ile ofisini mimi nilimwahidi mzee yule kitu ambacho sikuwa na uwezo wa kukitoa, na alinikubalia kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu. Kwenye mazishi mwanawe alinishika mkono akanishukuru kwa kumsomesha. Sikuwa na la kumjibu.

Basi nirudi kwenye jambo la wanangu. Walinipa njia tatu: Dar es Salaam kwa kaka mkubwa, Babati kwa binti yangu muuguzi, au hapahapa Tumati na kijana wa kuajiriwa. Dar es Salaam nilikuwa nimekujaribu. Baada ya marehemu mke wangu kutuacha mwaka 2021, mwanangu alikuja kunichukua na nikakaa kwake miezi minne. Mkwe wangu ni mwanamke mwema, alinipikia kama baba yake mzazi. Lakini saa kumi na moja alfajiri wote walikuwa wamekwisha toka kuyakimbia magari, watoto shuleni, geti limefungwa kwa kufuli kwa ajili ya wezi, tumebaki mimi, binti wa kazi na feni. Binti wa kazi alibadilika mara tatu katika miezi ile, na kila mpya alinisalimia kwa woga kama mgeni wa hospitali. Hakuna aliyepita kuniambia "Shikamoo mwalimu". Nilianza kusoma maandishi ya pakiti za sabuni. Siku moja nilikohoa kwa makusudi nione nani atauliza. Feni iliendelea kuzunguka.

Babati ni karibu, hali ya hewa si mbaya, na binti yangu anajua dawa zangu kuliko mimi. Ila anafanya kazi zamu za usiku na amepanga vyumba viwili na watoto watatu. Nilimwambia asante mwanangu, nikamaanisha.

Wengine watauliza fedha. Mimi nilistaafu nikalipwa kiinua mgongo changu kwa hesabu za zamani, nikajenga na kununua ng'ombe. Wadogo zangu waliofuata walipitia ule mtikisiko wa kikokotoo: mwaka 2018 mifuko iliunganishwa na malipo ya mkupuo yakapangwa kuwa asilimia 25, Rais Magufuli akalisimamisha jambo hilo Desemba mwaka huohuo, ikaja asilimia 33 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikasogezwa hadi 40 kwa watumishi wa umma. Wenye pensheni tunalalamika, na tuna haki, lakini tukumbuke kwamba mkulima wa Tumati hana hata cha kulalamikia. Zanzibar wenzetu walianza Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Zilikuwa kidogo, lakini hakuulizwa namba ya kazi.

Niliyatafakari haya yote kwa miezi kadhaa, na kila nilipoyageuza niliona jambo lilelile. Babu aliuliza jirani ni nani. Bibi alisikiwa na watu 12. Mzee wa Nyeri alijenga karibu na jiko la watu. Yule wa mkonge hakuwa na anayemjibu, na Baba Mdogo alikuwa na fedha, bati na saruji, hatua kumi kutoka kwenye kuni. Mandhari yangu ya kilimani ni nzuri, lakini ukilia pale, Hanang hausikii. Na mlima nao si wa kuaminiwa sana. Tarehe 3 Desemba 2023 uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh, wakafa watu zaidi ya 80. Tangu siku ile siutazami kwa macho yale ya zamani.

Nikaenda kwa wazee wenzangu wawili wanaokaa chini, kando ya barabara, karibu na shule. Mmoja ni bwana shamba mstaafu, mjane kama mimi. Mwingine ni mama aliyekuwa mkunga, aliyewapokea nusu ya watu wa kata hii. Nyumba zao ziko umbali wa kuitana. Nikawaambia nimeuza ng'ombe wawili na kwamba ninataka kununua kipande cha kiwanja katikati yao, nijenge vyumba viwili. Kisha tukamtafuta kijana mmoja na mkewe, wana mtoto mchanga na hawana shamba. Tumekubaliana kwa maandishi, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi: mke atapika chungu kimoja cha watu watatu na kutufulia, mume atateka maji, atachanja kuni na kulima vitunguu saumu kwenye ekari yangu moja kwa faida yake mwenyewe. Kila mmoja wetu anatoa shilingi 60,000 kwa mwezi, na mkunga, ambaye pensheni yake ni ndogo, anatoa 40,000 pamoja na mayai. Uji unaletwa asubuhi saa moja. Asiyefungua mlango wakati wa uji, mlango utavunjwa. Hilo nalo limeandikwa, tena kwa wino mwekundu.

Mwanangu mkubwa alikasirika. Alipiga simu usiku. "Baba, watu watasema tumekutupa. Watasema tumekuachia watu baki." Nilimwelewa. Fedheha si jambo dogo, na yeye ndiye atakayesimama mbele ya watu siku ya mazishi. Nikamuuliza kama anataka kuacha kazi yake aje aniteklee maji. Akanyamaza. Nikamwambia simlaumu, ni mimi niliyempeleka shule. Alinyamaza muda mrefu zaidi, kisha akauliza kama nyumba hiyo mpya ina umeme, na wiki iliyofuata akatuma fedha za taa za jua kwa nyumba zote tatu. Dada zake walikuja wenyewe kukagua. Yule muuguzi alipima urefu wa kizingiti akasema ni kirefu mno kwa goti langu, kikachongwa.

Nilihamia Septemba. Kutoka hapa Hanang hauonekani. Umezibwa na mikaratusi ya shule, mirefu, minene, ambayo mwaka 1984 niliwalazimisha wanafunzi kuipanda, kila mtoto na mche wake, na aliyeuacha ukauke aliadhibiwa. Asubuhi watoto wanapita mlangoni wakikimbia kengele, na sauti ya "Shikamoo mwalimu" inakuja mfululizo hadi nachoka kuitikia marahaba.

Kwa ajili ya usiku tumetundika debe tupu kwenye kila nyumba. Mwenye shida agonge mara tatu, wengine wajibu mara mbili na kuja. Wiki iliyopita nilitaka kuhakikisha, nikagonga saa nane usiku bila kuwaambia. Bwana shamba alijibu baada ya kitambo kidogo. Mkunga hakujibu kabisa, kwa sababu alikuwa amekwisha kufika, amejifunga blanketi, tochi mkononi, na kijana wetu nyuma yake na panga. "Nani anaumwa?" akauliza. Nikasema hakuna, nilikuwa najaribu tu. Alinitukana kwa Kiiraqw, maneno ambayo sikuyasikia tangu utoto. Ilibidi niwashe moto niwachemshie chai wote watatu, na bwana shamba alipofika akilalamikia miguu yake tukaongeza kikombe cha nne.